Nyumba ya Kina Heinrich

Alfajiri ya Pasaka, kungali giza, sisi Wamoravian wa Rungwe huenda makaburini. Nimekwenda tangu nikibebwa mgongoni. Ukungu wa kwetu hupenya mpaka kwenye mifupa, na tarumbeta huanza kulia kabla hujamwona anayezipuliza. Tunasimama katikati ya wafu wetu, tunaimba, tunalingoja jua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mahali pake pa kusimama: pembeni, karibu na migomba, penye vituta vitatu vifupi visivyo na msalaba wala saruji. Miaka yote ile sikumwuliza kwa nini anasimama pale na si kwenye kaburi la babu.

Kwenye darasa la kipaimara tulikaririshwa historia ya kanisa letu kama jedwali la kuzidisha. Mwaka 1722, wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi na kabaila mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, katika ardhi yake huko Saksonia, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Mwaka 1732, wamisionari wawili wa kwanza waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta meli ya kuwafikisha kisiwa cha St. Thomas, kwenye bahari ya Karibi. Mwaka 1891, wenzao walifika Rungwe. Zinzendorf, Zinzendorf, Zinzendorf. Kama alikuwa na mke, hatukumsikia.

Nilimkuta huyo mke baada ya miaka mingi, nilipobahatika kufika Herrnhut na wageni wengine wa kanisa. Makaburi yao yako kilimani, mahali panapoitwa Hutberg. Mawe yamelazwa chini, safu kwa safu, yote ya ukubwa mmoja, kwa sababu waliamini mfu hana cheo. Katikati ndipo yalipo makaburi machache yaliyoinuliwa, ya Zinzendorf na jamaa yake. Mwenyeji wetu alinionyesha moja akasema: huyu ndiye Erdmuthe Dorothea, mkewe, aliyezaliwa katika nyumba ya Reuss. Nikamwuliza, Reuss ndiyo wapi? Akacheka kidogo, akasema ukianza kuuliza habari za Reuss hutamaliza leo.

Alisema kweli. Sijamaliza mpaka sasa.

Ukifungua ramani ya Ujerumani ya leo, Reuss huioni. Ilikuwa mashariki ya Thuringia, kwenye mabonde ya mto Weisse Elster na sehemu za juu za mto Saale: miji ya Gera, Greiz, Schleiz, Lobenstein, na vijiji vya wakata miti na wafumaji vilivyotawanyika kati yake. Mpaka mwaka 1918 zilikuwa dola mbili kamili, kila moja na mtawala wake, wizara zake na kura yake katika baraza la dola za Ujerumani. Moja, ya Tawi la Wakubwa la ukoo uliotawala, ilikuwa na kilomita za mraba 316 hivi. Nyingine, ya Tawi la Wadogo, ilikuwa na 827 hivi. Ziunganishe zote mbili, bado Unguja inazizidi.

Mwanzo wao ulikuwa wa kutumwa. Katika karne ya 12, Kaisari wa Dola Takatifu la Roma alihitaji watu wa kumsimamia mapori na ngome za mpakani. Msimamizi wa namna hiyo aliitwa Vogt, na neno la kwetu linalokaribia ni liwali. Maliwali hawa walikaa Weida, kisha watoto wao wakakaa Gera na Plauen, na eneo lile mpaka leo linaitwa Vogtland, yaani nchi ya maliwali. Baba alipewa kazi, mwana akairithi, mjukuu akasahau kwamba mali ilikuwa ya kuazimwa. Karne tatu zilipopita, hakuna aliyekumbuka kuwa hawa walikuwa watumishi. Jina la Reuss nalo lilianza kama jina la utani: Heinrich mmoja wa Plauen, katika karne ya 13, aliitwa Mrusi kwa sababu ya uhusiano wake na nchi za Warusi, na jina likawaganda wazao wake wote.

Nimesema Heinrich mmoja. Hapo ndipo kizunguzungu kinapoanza, kwa sababu wanaume wote wa ukoo huu wanaitwa Heinrich. Simaanishi wengi wao, wala wazaliwa wa kwanza tu. Wote. Mapokeo yanasema walianza hivyo kwa heshima ya Kaisari Heinrich VI, aliyefariki mwaka 1197 na ambaye ukoo ulimwona kama mfadhili wake. Mwaka 1668 desturi ikafanywa sheria ya nyumba, na namba zikawekewa utaratibu. Tawi la Wakubwa lilikubaliana kuhesabu mpaka 100 ndipo waanze upya. Tawi la Wadogo waliamua kuanza upya kila karne, kwa hiyo mvulana wa kwanza kuzaliwa katika karne mpya anakuwa Heinrich I, hata kama babu yake ni Heinrich XLII.

Kwa wafalme wengine, namba hupatikana siku ya kutawazwa. Kwa kina Reuss ilitolewa siku ya kuzaliwa. Kila mtoto wa kiume alipata yake, awe mrithi wa kiti au kitindamimba asiye na tamaa ya kutawala, na hata yule aliyeishi wiki mbili akazikwa. Hesabu ya karne ya 18 ilifungwa na Heinrich LXXV, mtoto aliyezaliwa mwaka 1800 na kufariki mwaka 1801. Nilipojaribu kuchora mti wa ukoo huu kwenye daftari langu, nilipoteza kurasa sita kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimemfanya mtu kuwa baba wa mjomba wake. Baadaye nikagundua njia. Niliacha kufuata wanaume, nikafuata wanawake. Mabinti wa Reuss walipewa majina ya kweli: Benigna, Erdmuthe, Augusta, Hermine. Ukishika majina yao, uzi haukatiki.

Lakini kwanza lazima nimtaje mwanamume mmoja, kwa sababu sikuweza kumpita. Ni Heinrich aliyeitwa Posthumus, maana yake aliyezaliwa baada ya baba kufa. Alizaliwa Juni 1572, miezi miwili baada ya baba yake kufariki, akiwa tumaini la mwisho la Tawi la Wadogo; angekuwa msichana, tawi lingekatika. Aliitawala Gera hadi mwaka 1635, katika miaka ambayo Ujerumani yote iliteketea kwa Vita vya Miaka Thelathini. Alifungua shule kubwa Gera mwaka 1608, akawakaribisha wafumaji waliokimbia mateso ya dini huko Flanders. Gera ilifuma vitambaa kwa karne tatu zilizofuata, kwa sababu mkimbizi mwenye ufundi alipewa mlango.

Na alipenda muziki. Katika nchi yake ndogo, mjini Köstritz, alizaliwa mwaka 1585 Heinrich Schütz, ambaye wajuzi humhesabu kuwa mtunzi mkubwa kuliko wote wa Ujerumani kabla ya Bach. Posthumus alipozeeka aliagiza jeneza lake mwenyewe litengenezwe mapema, kwa siri, na akachagua aya za Biblia na beti za nyimbo za kuandikwa juu yake pande zote: kifuniko, kichwani, miguuni, ubavuni. Alipofariki, Schütz akaombwa azitie maneno yale muziki. Ibada ya mazishi ilifanyika tarehe 4 Februari 1636, na muziki ule, *Musikalische Exequien*, bado unaimbwa. Katika sehemu ya mwisho kwaya moja inaimba wimbo wa mzee Simeoni, kwamba Bwana sasa amruhusu mtumishi wake aende zake kwa amani, na kwa mbali sauti tatu nyingine zinaitikia kwamba heri wafu wafao katika Bwana. Nimeusikiliza usiku mara nyingi. Mtu mzima, mtawala, analala karibu na jeneza lake lililojaa maandishi na anaendelea kusaini hati za kodi. Najua wazee wa kwetu waliojinunulia sanda na kuihifadhi sandukuni chini ya kitanda. Ni utulivu uleule.

Sitaki kuupamba utawala wao, hata hivyo. Ukabaila ni ukabaila, uwe na muziki au usiwe nao. Mkulima wa Reuss, kama jirani zake, alidaiwa siku za shokoa kwenye mashamba ya bwana, alidaiwa sehemu ya mavuno, na kuni na wanyama wa msituni walikuwa wa kasri. Na mzigo uliongezeka kadiri ukoo ulivyojigawa. Kwa muda mrefu hawakumrithisha mzaliwa wa kwanza peke yake. Ardhi iligawanywa kati ya wana, kama shamba la kahawa linavyokatwakatwa mpaka kila ndugu anabaki na mistari minne ya miti. Mwaka 1564 waligawana nchi mafungu matatu: la Wakubwa, la Kati na la Wadogo. Tawi la Kati lilikufa mwaka 1616, yakabaki ya Wakubwa na ya Wadogo. Kufikia mwaka 1700 hivi kulikuwa na vijitawala kama kumi vya Reuss, na kila kimoja kilitaka kasri, mpishi, farasi wa gari, mhubiri na mlinzi wa lango. Nani aliyalipia hayo? Wakulima walewale, na idadi yao haikuongezeka.

Kimojawapo cha vijitawala hivyo kilikuwa Ebersdorf. Kilimegwa kutoka Lobenstein mwaka 1678, akapewa Heinrich X, mjukuu wa Posthumus. Alijenga kasri kijijini, akamwoa Erdmuthe Benigna wa Solms-Laubach, na wote wawili wakawa watu wa uamsho. Wakati ule Wajerumani wengi Walutheri walikuwa wamechoshwa na dini ya midomo, wakaanza kukutana majumbani kusoma Biblia, kuomba na kuimba. Ebersdorf kasri lenyewe likawa nyumba ya maombi, na bwana na mtumishi wakakaa kwenye benchi moja angalau kwa saa ile. Heinrich X alifariki mwaka 1711. Mjane aliendesha nyumba na imani yake. Kati ya watoto waliokua humo, watatu wanahusika na habari hii: Benigna Marie, aliyetunga tenzi na hakuolewa, Heinrich XXIX, mrithi, na Erdmuthe Dorothea, aliyezaliwa tarehe 7 Novemba 1700.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa historia ya sehemu kubwa ya dunia ilipita kwenye tundu la sindano.

Zinzendorf na Heinrich XXIX walikuwa marafiki wa damu, vijana wa rika moja waliofahamiana katika safari za kuzunguka Ulaya. Mwaka 1721 Zinzendorf, mwenye umri wa miaka 20, alikuwa anataka kumwoa binamu yake Theodora wa Castell, na alikwisha kupeleka posa. Akiwa njiani alipita Ebersdorf kwa rafiki yake. Pale, katika mazungumzo ya kumtafutia Heinrich mchumba, likatajwa jina la Theodora yuleyule. Zinzendorf akanyamaza. Kisha akasema kama Mungu amemkusudia Theodora kwa Heinrich, yeye atampisha. Heinrich naye akakataa kumdhulumu rafiki. Wakabishana, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mwishowe wakasafiri pamoja hadi Castell. Theodora akachumbiwa na Heinrich, na Zinzendorf akatunga wimbo wa uchumba ule, akauimbisha, akaomba dua ya kuwabariki mbele ya watu wote.

Wahubiri hukisimulia kisa hiki kama mfano wa kujikana nafsi. Mimi kila nikikisoma nakwama. Vijana wawili wacha Mungu wanapeana msichana kama watu wanaopishana mlangoni. Jambo linalonipa nafuu ni kwamba Theodora hakuwa amempa Zinzendorf jibu la moyo wote, na huenda alipumua alipomwona Heinrich.

Mwaka uliofuata, tarehe 7 Septemba 1722, Zinzendorf alimwoa dada wa rafiki yake, Erdmuthe Dorothea. Miezi miwili na nusu kabla ya harusi, tarehe 17 Juni, seremala Christian David alikuwa ameangusha mti wa kwanza mahali ambapo Herrnhut ingejengwa. Kwa hiyo bibi harusi alihamia katika ndoa ambayo tayari ilikuwa na kijiji cha wakimbizi ndani yake.

Nimesoma juu ya Zinzendorf, na nakubali alikuwa mtu wa moto. Lakini moto unahitaji mtu wa kuleta kuni. Zinzendorf alikuwa na maono asubuhi na deni jioni. Erdmuthe ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu, aliyejua magunia mangapi yamo ghalani, nani anadaiwa na nani anadai. Mwaka 1732, mwaka uleule wa wamisionari wa kwanza, Zinzendorf alihamishia mashamba yake kwa jina la mkewe. Serikali ya Saksonia ilipomfukuza nchini mwaka 1736, mali haikuwa yake tena, ilikuwa ya Erdmuthe. Watu hawa wa Herrnhut waliishi kwa miaka chini ya paa ambalo kisheria lilikuwa la mwanamke kutoka Ebersdorf. Alisafiri hadi Denmark na Livonia kulitetea kanisa mbele ya wakubwa, na alikwenda akiwa na silaha ambayo wakimbizi hawakuwa nayo: alikuwa binti wa nyumba ya kitawala, na milango ilifunguka aliposema jina la baba yake. Alitunga pia tenzi.

Safari ile ya St. Thomas nayo ina kivuli chake, na sisi watoto wake wa kiroho tunapaswa kukitaja. Wamisionari walikwenda kwa ajili ya watumwa Waafrika, na hilo lilikuwa jambo jipya. Lakini misheni ileile baadaye ilimiliki mashamba yenye watumwa, na Zinzendorf mwenyewe, alipofika kule mwaka 1739, aliwahubiria watumwa kuwatii mabwana zao. Mtu aliyekulia katika ukabaila aliona ngazi za wanadamu kuwa zimewekwa na Mungu. Erdmuthe pia alikulia humo. Benchi la pamoja la Ebersdorf lilikuwa la saa ya ibada. Baada ya ibada mkulima alirudi kwenye shokoa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Mume alikuwa safarini au London, na mapenzi yalikuwa yamepoa. Alifariki Herrnhut tarehe 19 Juni 1756. Mwaka mmoja baadaye Zinzendorf alimwoa Anna Nitschmann, binti wa wakimbizi wa Moravia, na wote wawili wakafariki mwezi mmoja, Mei 1760.

Rudini sasa kwa Theodora, yule aliyepishwa. Yeye na Heinrich XXIX walizaa, na mmoja wa wana wao alikuwa Heinrich XXIV wa Ebersdorf, naye akamzaa Augusta, mwaka 1757, katika kasri lilelile. Erdmuthe Dorothea alikuwa shangazi wa baba yake Augusta. Msichana alikuwa mzuri kiasi kwamba baba yake aliagiza mchoraji Tischbein amchore akiwa kama Artemisia, malkia mjane wa Karia ya kale, na picha ikaonyeshwa hadharani ili wachumba waione. Franz wa Saxe-Coburg-Saalfeld aliinunua kwa bei kubwa, na mwaka 1777 akamwoa mwenye picha.

Augusta alikuwa na akili ya kuozesha. Mwaka 1795 aliwachukua mabinti zake watatu hadi St. Petersburg, Malkia Katerina wa Urusi amchagulie mjukuu wake Konstantin mke kati yao. Akachaguliwa Juliane, akaolewa akiwa na miaka 14, na mwaka 1801 akaikimbia ndoa hiyo. Binti mwingine, Victoire, aliolewa na mwana wa mfalme wa Uingereza, akamzaa Victoria, yule malkia. Mwana mkubwa, Ernst, akamzaa Albert aliyemwoa Victoria. Na kitindamimba, Leopold, aliapishwa kuwa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji mwezi Julai 1831, mama yake angali hai. Augusta alifariki Novemba mwaka huohuo. Hakumwona mjukuu aliyezaliwa mwaka 1835 na kupewa jina la baba yake, Leopold.

Nilipofika hapo kwenye daftari langu niliweka kalamu chini. Leopold II. Yule wa Kongo, wa mpira na mikono iliyokatwa, aliyeifanya nchi nzima kuwa shamba lake binafsi kuanzia mwaka 1885 mpaka 1908. Na ziwa letu, Nyanza, limebandikwa jina la mjukuu mwingine wa Augusta. Na ziwa lililo kaskazini-magharibi yake, kati ya Uganda na Kongo, likabandikwa la Albert, mjukuu wa tatu. Wajukuu watatu wa bibi mmoja kutoka kijiji cha Ebersdorf. Kama Zinzendorf asingempisha rafiki yake mwaka 1721, Theodora asingeolewa Ebersdorf, Augusta asingezaliwa, na Erdmuthe huenda asingefika Herrnhut. Tarumbeta za Pasaka za Rungwe na bunduki za Leopold zinaanzia katika mazungumzo ya sebule moja. Simlaumu Augusta kwa mjukuu ambaye hakumjua. Nilihisi tu baridi ile ya makaburini.

Yaliyobaki ya Reuss nitayapitia haraka. Ebersdorf yenyewe ilikwisha mwaka 1848: Heinrich LXXII, aliyezoea kuwaandikia maofisa wake amri ndefu za hasira, alizongwa na mapinduzi ya mwaka ule, akaachia kiti na nchi ikaunganishwa na Schleiz. Kule Greiz, Heinrich XXII wa Tawi la Wakubwa alikuwa mtu wa kinyongo kikubwa. Mwaka 1866 nyumba yake ilikuwa upande wa Austria, majeshi ya Prussia yakaikalia nchi, na hakuwasamehe mpaka alipofariki mwaka 1902. Katika baraza la dola alipiga kura ya hapana dhidi ya mapenzi ya Berlin kila alipoweza. Binti yake Hermine, aliyezaliwa mwaka 1887, ndiye aliyekwenda mwaka 1922 uhamishoni Doorn, Uholanzi, kuolewa na Kaisari Wilhelm II aliyeng'olewa, mjukuu wa adui zake baba. Ni Kaisari yuleyule ambaye kwa jina lake mashamba ya kusini mwa nchi yetu yalichomwa wakati wa Maji Maji.

Viti vyote viwili vilianguka Novemba 1918. Mwaka 1919 nchi zikaungana kuwa dola moja ya watu, makao makuu Gera, na tarehe 1 Mei 1920 ikamezwa na Thuringia mpya. Mrithi wa mwisho wa Gera, Heinrich XLV, mpenda tamthilia, alichukuliwa na Wasovieti mwaka 1945 na hakuonekana tena. Kasri la Osterstein la Gera lilikuwa limekwisha kuteketezwa na mabomu Aprili ya mwaka huo. Na siku hizi wengi wamelisikia jina hili kwa sababu ya Desemba 2022, alipokamatwa Heinrich XIII Prinz Reuss na wenzake kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali ya Ujerumani; kesi yake ilianza Frankfurt mwaka 2024.

Bibi alikuwa bado hai nilipomsimulia habari hizi. Tulikuwa jikoni, yeye anamenya ndizi, mimi na daftari langu. Alisikiliza kina Heinrich wote kwa uvumilivu, kisha akauliza mama zao walikuwa wakiwaitaje watoto wakati wa kula. Nikasema sijui, Bibi. Akatikisa kichwa.

"Na huyo mke wa Zinzendorf, alizaa?"

"Kumi na wawili, Bibi."

"Walikua wangapi?"

"Wanne. Na mmoja wa hao wanne, Christian Renatus, alifariki akiwa na miaka 24, kabla ya mama yake."

Kisu kilisimama. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka maji yalipoanza kuchemka na kufurika motoni, ndipo akaendelea kumenya. Hakusema lolote zaidi siku ile.

Pasaka iliyofuata sikwenda kusimama na wapuliza tarumbeta. Nilimfuata kule pembeni kwenye migomba, nikasimama naye penye vile vituta vitatu, nikamwuliza majina yao. Akanitajia mmoja mmoja, kwa Kinyakyusa, akionyesha kwa ncha ya fimbo kila jina na mahali pake. Tarumbeta zilikuwa hazijaanza.